Kuwahesabu Watoto Wasio Darasani

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani



Tumeombwa tuzungumze juu ya elimu ya awali, yaani elimu anayopewa mtoto kabla ya kuingia darasa la kwanza. Ingekuwa rahisi kwetu kueleza uzuri wa elimu hiyo, tukapigiwa makofi, tukaagana. Lakini shida iliyotukutanisha haiponywi na sifa. Tunataka kujua jambo moja: katika vijiji na mitaa yetu, ni watoto wangapi wa familia zenye kipato kidogo wanaohitaji nafasi katika darasa la awali linalogharimiwa na umma, nao hawaipati? Swali hili ni la hesabu, na pia ni la haki. Mtu asiyehesabiwa hatengewi fedha, hajengewi darasa, wala hapangiwi mwalimu.

Wafugaji waliomo humu ndani watatuelewa upesi. Jioni mfugaji husimama mlangoni mwa zizi akahesabu ng'ombe wanaoingia. Hahesabu ili ajisifu kwa wale waliorudi. Anahesabu ili ajue ni yupi hajarudi, apate kumtafuta kabla giza halijawa nene. Naye anaweza kufanya hivyo kwa sababu anaijua idadi ya mifugo yake yote. Asiyeijua idadi hiyo atafunga zizi na kulala, akidhani mambo ni mema. Tunaogopa kwamba kwa habari ya watoto wadogo, wengi wetu tunafunga zizi namna hiyo.

1. Ahadi tuliyokwisha kupewa

Kwanza tukumbushane kwamba hatuombi fadhila. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 uliridhiwa na Tanzania mwaka 1991. Mwaka 1990 mataifa yalikutana Jomtien, nchini Thailand, yakakiri kwamba kujifunza huanza tangu mtoto anapozaliwa. Mwaka 2000 yakakutana tena Dakar, nchini Senegal, na lengo la kwanza walilokubaliana lilihusu malezi na elimu ya watoto wadogo, hasa walio katika mazingira magumu. Mwaka 2015 Malengo ya Maendeleo Endelevu yakauweka mwaka 2030 kuwa kikomo: ifikapo hapo, wasichana na wavulana wote wawe wanapata malezi na elimu ya awali iliyo bora.

Hapa nyumbani, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya mwaka 2014 ikaenda mbali zaidi, ikatamka kwamba elimu ya awali iwe ya lazima kwa watoto wa umri wa miaka 3 hadi 5, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kisha, kuanzia Januari 2016, ada ikaondolewa katika shule za umma tangu darasa la awali hadi kidato cha nne. Desemba 2021 ikazinduliwa programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto.

Kwa hiyo ahadi ipo, imeandikwa, tena imeandikwa zaidi ya mara moja. Kilichobaki ni kupima umbali uliopo kati ya ahadi na mlango wa kila nyumba. Umbali huo ndio tunaouita leo mahitaji yasiyotimizwa.

2. Je, mwaka huo mmoja una maana?

Wapo wazazi wanaotuuliza kwa haki kabisa: "Sisi tulisoma bila chekechea, mbona tuko hai?" Tusiwabeze. Tuwajibu kwa mambo yaliyothibitika.

Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, walimu na watafiti walianza kuwafuatilia watoto 123 wa familia maskini. Kwa njia ya bahati nasibu, 58 waliwekwa katika darasa la awali lililo bora, na 65 hawakuwekwa. Watoto hao walifuatiliwa hata walipofika umri wa miaka 40. Wale waliopata darasa walimaliza shule ya sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kazi kwa wingi zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na mazingira yake si yetu. Hatuna budi kuutaja kwa kiasi. Aidha tukumbuke kwamba darasa lenyewe lilikuwa na walimu wenye sifa, kila mmoja akiwa na watoto wachache tu mbele yake, na walimu hao waliwatembelea wazazi majumbani. Jambo hili tutalirudia.

Walimu wetu wa darasa la kwanza wanayo habari hiyo hiyo kwa lugha nyepesi. Mtoto aliyepita awali anajua kushika kalamu, kukaa na wenzake, kusikiliza maelekezo, na hasa kuelewa Kiswahili cha darasani ikiwa nyumbani kwao husemwa lugha nyingine. Mtoto wa mwenye nacho hata asipopita awali ana vitabu nyumbani na dada wa kumfundisha. Mtoto wa mnyonge hana kingine. Akianza nyuma siku ya kwanza, mara nyingi hubaki nyuma.

3. Hesabu zinazotudanganya

Ndugu wapendwa, tukienda kuuliza hali ya elimu ya awali tutaonyeshwa tarakimu. Yatupasa kuziheshimu tarakimu, na pia kuziuliza maswali. Tumeona makosa manne yanayojirudia.

Kosa la kwanza ni kuchukua maombi kuwa ndiyo mahitaji. Mwalimu mkuu husema: "Waliokuja kuandikishwa wote tumewapokea, hakuna aliyeachwa." Maneno hayo yanaweza kuwa kweli tupu, na bado watoto wengi wakawa nyumbani. Mama anayeishi ng'ambo ya mto hakuja kuandikisha, maana anajua mtoto wa miaka 5 hawezi kuvuka mto peke yake. Baba aliyeambiwa mwaka jana kwamba bila sare mtoto hapokelewi hakurudi mwaka huu. Orodha ya walioomba huwaonyesha wenye tumaini. Waliokata tamaa haiwaonyeshi.

Historia yetu wenyewe imelithibitisha jambo hili. Mwaka 2015 watoto wa madarasa ya awali nchini walikuwa takribani milioni 1. Mwaka 2016, ada ilipoondolewa, wakafika takribani milioni 1 na nusu. Watoto wale nusu milioni hawakuzaliwa kwa mwaka mmoja. Kweli, baadhi yao walikuwa wadogo mno au wakubwa kupita umri, na baadhi walihama kutoka vituo vya kulipia. Lakini wengi walikuwapo siku zote, nao hawakuwamo katika orodha yoyote ya wanaosubiri. Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo kwa upande wa pili: ada ya shule ya msingi ilipoondolewa mwaka 2003, huku shule za awali zikiendelea kutoza, baadhi ya wazazi waliwaondoa watoto huko awali, wakangoja waanze moja kwa moja darasa la kwanza lisilo na ada. Mahitaji ya watoto hawa hayakubadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa mzazi kuyasema.

Kosa la pili ni kuchanganya umri. Kuna kiwango cha jumla cha uandikishaji, kinachochukua watoto wote waliomo darasani, wa umri wowote, na kuwagawa kwa idadi ya watoto wa umri unaotakiwa. Kiwango hiki kinaweza hata kupita asilimia 100. Na kuna kiwango halisi, kinachowahesabu wale tu wenye umri unaotakiwa. Kiongozi akitutajia asilimia, tumwulize kwa adabu: "Ndugu, hiyo ni ya jumla au ni halisi?"

Kosa la tatu ni kumhesabu mtoto mmoja mara mbili. Mtoto anaweza kuwamo katika daftari la shule ya umma, akawamo pia katika daftari la chekechea ya kulipia, kwa sababu mzazi alimwandikisha huku na huku ili awe na uhakika. Tukijumlisha madaftari bila kulinganisha majina, tunapata watoto ambao hawapo, nao wanaziba nafasi za wale waliopo.

Kosa la nne ni wastani. Wastani wa wilaya huchanganya makao makuu yenye shule tano na kitongoji kisicho na hata moja. Mtu mmoja akila kuku mzima na mwenzake akilala njaa, kwa wastani kila mmoja amekula nusu kuku. Aliyelala njaa hashibi kwa hesabu hiyo.

4. Mfano wa kijiji kimoja

Ili tuelewane vizuri, tuchukue kijiji cha mfano. Tarakimu hizi si za kijiji chochote. Tumezitunga ili tujifunze namna ya kuhesabu.

Kijiji hiki kina watoto 120 wenye umri wa miaka 5. Daftari la darasa la awali lina majina 100. Chekechea ya kulipia ina watoto 15, wote wa miaka 5, na hakuna aliyeandikwa huku na huku. Anayejumlisha haraka atasema: 100 na 15 ni 115, basi waliokosa ni 5 tu. Taarifa itaandikwa, na kijiji kitapongezwa.

Sasa tulifungue daftari lenyewe. Kati ya wale 100, watoto 30 wana miaka 6 au 7, maana walichelewa. Wengine 10 wana miaka 4, wamekuja na dada zao. Wenye miaka 5 ni 60. Ukiongeza 15 wa chekechea unapata 75. Kwa hiyo watoto 45 wa miaka 5 hawamo popote. Taarifa ilisema 5. Ukweli ni 45.

Tuendelee. Kati ya watoto 120, tuseme 60 ni wa kaya zenye kipato kidogo, na 60 ni wa kaya zenye nafuu. Tukigawa wale 45 waliokosa, tunakuta 36 ni wa kaya maskini na 9 ni wa kaya zenye nafuu. Maana yake ni kwamba kwa maskini wamekosa asilimia 60, na kwa wenye nafuu asilimia 15. Tungetaja wastani wa kijiji peke yake, asilimia 37 na nusu, tusingejua kabisa kwamba mzigo umelala upande mmoja.

Bado hatujamaliza, maana hatujauliza sababu. Tuseme tumepita nyumba kwa nyumba, tukaambiwa hivi: watoto 20 wanazuiwa na umbali, 12 na gharama, 5 na ulemavu au maradhi, na 8 wazazi wao hawajaona haja. Wale 20 wanahitaji darasa jirani. Wale 12 hawahitaji darasa, wanahitaji kuondolewa vikwazo vya fedha. Wale 5 wanahitaji mwalimu mwenye ujuzi na mlango unaopitika. Wale 8 wanahitaji mazungumzo, tena ya heshima. Huenda wazazi wao wana sababu tusiyoifahamu. Kama tungejenga darasa moja kubwa karibu na ofisi ya kijiji, tungetumia fedha nyingi na tusimsaidie karibu hata mmoja kati ya 45.

Hii ndiyo faida ya kupima vizuri. Idadi peke yake hututia huzuni. Idadi yenye sababu zake hutuonyesha kazi ya kufanya.

5. Nani mwenye kipato kidogo?

Hapa pana ugumu, na hatutaki kuuficha. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, na mijini asilimia 15.8. Tarakimu hizo husaidia taifa kujijua. Lakini sisi hatuwezi kubisha hodi na kumwuliza mkulima ametumia shilingi ngapi mwezi huu. Mengi anayokula hayajapita dukani, na mengine yeye mwenyewe hayakumbuki.

Njia ya pili ni kutumia orodha ya kaya zilizoandikishwa na TASAF katika mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012. Orodha hiyo ni ya thamani, lakini kila orodha ina makosa ya aina mbili: huwamo asiyestahili, na hukosekana anayestahili. Mjane aliyehamia kijijini baada ya uandikishaji hayumo.

Njia ya tatu ni kuuliza mambo yanayoonekana, ambayo mtu hujibu bila kuaibika. Je, kaya hii inakula mara ngapi kwa siku katika miezi ya njaa? Ina shamba lake au inalima vibarua? Nani analea watoto: wazazi wote wawili, mmoja, au bibi? Tunashauri njia hii itumike pamoja na ile ya pili. Na majibu yabaki siri. Tukisoma majina ya maskini mbele ya mkutano tutakuwa tumewadhulumu kwa jina la haki.

6. Nafasi isiyo nafasi

Tulisema tutarudi kwa walimu. Mwongozo wa elimu ya awali nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Baada ya mwaka 2016, takwimu za Wizara zilionyesha katika shule za Serikali wastani uliopita watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Mama mwenye watoto wanne anajua jinsi asubuhi inavyokuwa ngumu. Basi afikirie mia moja, wa umri mmoja, katika chumba kimoja, wengine wakiwa wamekaa sakafuni.

Je, mtoto wa 101 katika chumba hicho amepata nafasi? Katika daftari amepata. Sisi tunasema kwamba hitaji lake limetimizwa kwa sehemu tu, na tunashauri lihesabiwe katika safu ya pekee: wasio na nafasi kabisa, na wenye nafasi isiyotosha. Tusizichanganye safu hizi mbili, maana dawa zake ni tofauti. Walakini tusiiache ile ya pili, tusije tukaisukuma Serikali kuwajaza watoto darasani ili tu tarakimu zipendeze.

Vilevile tuyatazame maneno "bila ada". Waraka wa elimu bila malipo uliacha mikononi mwa wazazi sare, madaftari na kalamu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Kwa mwenye mshahara hayo ni madogo. Kwa mama anayeuza mchicha, sare, viatu na mchango wa uji vikija wiki moja, ni mlima. Mtoto wa miaka 5 hawezi kushinda njaa mpaka saa sita. Akikosa uji, hulala juu ya dawati au hubaki nyumbani. Kwa hiyo anayepima mahitaji lazima aulize pia gharama zile ambazo haziitwi ada.

Kuhusu umbali, yapo yaliyofanyika. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, ilipanga kujenga madarasa 15,000, na kati yake 3,000 yawe ya shule shikizi, zile shule ndogo za karibu kwa ajili ya watoto wasioweza kwenda mbali. Vijiji vilivyokuwa vimekwisha kujua wapi watoto wao walipo vilikuwa na la kujibu vilipoulizwa. Vile visivyojua vilibaki vikibishana darasa lijengwe wapi.

7. Boriti iliyo kwetu

Ndugu wapendwa, haki huanzia nyumbani, nasi hatutakuwa wakweli tukiinyoshea Serikali kidole peke yake.

Parokia nyingi zina chekechea. Zilianzishwa wakati ambapo Serikali haikuwa na madarasa ya awali ya kutosha, nazo zimefanya kazi njema. Lakini hutoza ada, maana mwalimu lazima alipwe. Katika hesabu yetu ya mfano, wale watoto 15 tuliwahesabu kuwa wamepata. Tujiulize: wazazi wao wote walilipa kwa nafuu? Yule aliyeuza kuku watatu na kukopa kwa jirani ili mtoto asikae nyumbani, amepata au amenyang'anywa? Hitaji lake la darasa linalogharimiwa na umma lipo bado. Limefunikwa na deni. Na chekechea zetu zikisema "sisi tunawahudumia maskini", tuonyeshe ni wangapi. Kama hatuna idadi hiyo, basi nasi tumo katika kosa tunalolikemea.

Sisi wa kamati nasi tuna la kuungama. Tulipoanza kazi hii tuliamua kuwauliza wazazi nje ya kanisa, baada ya ibada ya Jumapili. Ilikuwa rahisi, na majibu yalitupendeza: karibu wote walisema watoto wao wako darasani. Mzee mmoja mlezi wa jumuiya akatuambia kwa upole, "Wanangu, mmewauliza wenye viatu." Alisema kweli. Aliyekuja kanisani siku ile ndiye aliye karibu na barabara, mwenye nguo, asiye na mgonjwa nyumbani, tena ni wa dini yetu. Tuliyemtafuta hakuwapo. Tulizitupa karatasi zile, tukaanza upya kwa miguu, kitongoji kwa kitongoji.

8. Tunachoomba kifanyike

Kwanza, kila jumuiya ihesabu watoto wote wa umri wa miaka 3 hadi 7 waliomo katika mipaka yake, nyumba kwa nyumba, bila kujali dini, kabila wala chama. Kabla ya kuanza, tuwaarifu mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mtendaji, ili kazi ifanyike kwa ridhaa yao na isidhaniwe kuwa ni ya siasa.

Pili, kwa kila mtoto tuandike mambo sita tu: umri, kama anasoma na wapi, kama hasomi, sababu kuu, muda wa kutembea hadi darasa la karibu, ulemavu au maradhi ya kudumu, na hali ya kaya, kwa maswali tuliyoyataja. Asiyejua tarehe ya kuzaliwa asilazimishwe kubuni. Tumsaidie kukumbuka kwa msimu au tukio. Tusimsahau mtoto anayelelewa na bibi, mtoto wa wafugaji wanaohama, wala mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu ya ulemavu. Huyu wa mwisho hatatajwa mpaka tuulize kwa upendo zaidi ya mara moja.

Tatu, tumwombe mwalimu mkuu tulinganishe orodha yetu na daftari lake, jina kwa jina. Mwalimu mkuu si adui katika jambo hili. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kutaka ushahidi wa kuombea mwalimu wa pili.

Nne, matokeo bila majina yapelekwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwa diwani, ili yafike halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango huandaliwa miezi mingi kabla yake. Anayepeleka hesabu mwezi Juni amechelewa. Ataambiwa asubiri mwaka mwingine, na mtoto wa miaka 5 hana mwaka mwingine wa kuwa na miaka 5.

Tano, hesabu irudiwe kila mwaka, kwa maswali yale yale, ili tujue kama pengo linapungua. Marekani ilianzisha mpango wake wa Head Start mwaka 1965 kwa watoto wa familia maskini, na katika kiangazi cha kwanza ukapokea watoto zaidi ya nusu milioni. Hata hivyo, kwa miongo yote iliyofuata fedha hazikutosha kuwafikia watoto wote wenye sifa. Lakini huko idadi ya wenye sifa na idadi ya waliopata huwekwa wazi, na kila mwenye kutaka kudai anajua anadai nini. Tukifika hapo tutakuwa tumepiga hatua.

Sita, kila chekechea ya parokia itoe hesabu yake kwa halmashauri ya walei: watoto wangapi wa kaya maskini wanasoma, wangapi wanasamehewa ada, na wangapi waliondoka kwa kukosa fedha.

Ndugu wapendwa, kazi hii itachukua majuma kadhaa, jua litatuchoma, na mbwa watatubwekea. Wengine watatuuliza tumetumwa na nani. Tuwajibu kwamba tumetumwa na mtoto aliyekaa mlangoni asubuhi, anawatazama wenzake wakipita na mifuko yao. Yeye hajui sera wala asilimia. Anachojua ni kwamba wenzake wanakwenda mahali, naye haendi. Twende tukamwandike jina.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo la jumuiya yetu, tunaweza kuwataja watoto wangapi wa miaka 5 wasio darasani? Tumewajuaje?

2. Ni sababu ipi inayowazuia wengi zaidi: umbali, gharama, ulemavu, au jingine? Kila moja inahitaji dawa gani?

3. Shule yetu ya umma inadai michango gani katika darasa la awali? Nani anashindwa kuitoa, na hufanywa nini akishindwa?

4. Chekechea ya parokia yetu inamhudumia nani? Tuko tayari kuiweka wazi hesabu yake?

5. Nani kati yetu atazunguka kitongoji gani, na ataleta orodha yake tarehe ipi?